Kura Zilizotafunwa

Jumatatu, 4 Machi

Naanza daftari hili leo, na naahidi kuandika yote, hata yanayoniaibisha. Nikificha kitu humu nitakuwa nimeharibu karatasi bure.

Tumefagia uwanja. Uji ulikuwa mwepesi. Katika daftari la mvua niliandika kwamba itanyesha kabla ya saa sita, maana mawingu yalikuwa mazito upande wa ziwa. Haikunyesha. Jioni nimejiwekea alama ya kosa. Mwalimu Tabitha anatutabirisha mvua kila asubuhi sisi wa darasa la nane, na jioni kila mmoja anajisahihisha mwenyewe. Hamkaripii aliyekosea. Anamkaripia aliyeandika "jua" kwa sababu tu amefua nguo.

Sasa tunatabiri kitu kingine. Juzi Jumamosi lilikuja gari la sinema la serikali. Walifunga shuka kubwa jeupe kati ya mikaratusi miwili, na giza lilipoingia tu tukaonyeshwa filamu tatu. Picha zenyewe hazina sauti. Anayesema ni Bwana Saidi, mtu wa Tanga, aliyekuja na gari. Anasema kwa kipaza sauti huku picha zinakwenda. Filamu ya kwanza inafundisha kuchemsha maji ya kunywa. Ya pili ni ya mtu aliyenunua saa ya ukutani inayokwenda mbio, na kijiji kizima kikaanza kuifuata, mpaka bwana harusi akafika kanisani wakati bibi harusi bado yuko shambani na jembe. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Ya tatu ni ya kahawa: kuchuma, kuanika, kuchambua.

Bwana Saidi alisema hizo tatu ndizo zilizobaki katika kushindania tuzo ya filamu za Afrika Mashariki. Tuzo itatolewa London, katika sherehe kubwa ya filamu, watu wamevaa suti nyeusi. Kila shule aliyopita inaandika filamu moja tu inayodhani itashinda, na barua iondoke kwa meli ya Ijumaa hii. Shule itakayopatia, atarudi kwake na filamu iliyoshinda kabla hatujafunga mwezi wa sita. Shule itakayokosa hataiona tena mwaka huu. Filamu zitakazoshindwa zinarudishwa stoo Dar es Salaam.

Mwaka huu ndio wa mwisho kwangu hapa.

Nimeahidi kuandika yote, kwa hiyo naandika. Katika filamu ya kahawa yumo mama yangu.

Mama alifariki mwaka jana, wiki moja baada ya Pasaka. Nyumbani hatuna picha yake hata moja.

Jumanne, 5 Machi

Jana niliishia pale kwa sababu nilishindwa kuendelea. Leo naendelea.

Sikujua kama yumo. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi karibu na Zuhura, nasikiliza Bwana Saidi akieleza unyevu wa kahawa. Wakatokea wanawake watano na mikeka. Wa tatu ni Mama. Anageuza kahawa kwa mikono yote miwili. Anasukuma kitambaa cha kichwa kwa kifundo cha mkono, maana viganja ni vichafu. Kisha anatazama moja kwa moja mbele na kucheka. Wengine wote wanatazama chini. Halafu anakuja Mzungu na mizani, na Mama hayupo tena. Nimepima kichwani mara nyingi. Ni kuhesabu kutoka moja hadi tisa, polepole.

Nimekumbuka sasa. Miaka mitatu iliyopita, nikiwa likizo nyumbani Muleba, Mama alinisimulia kwamba walikuja watu na sanduku la miguu mitatu. Waliwaambia wanawake wageuze kahawa ambayo tayari ilikuwa imegeuzwa, na wasilitazame sanduku. Mama alisema ni vigumu kutotazama kitu ulichokatazwa kukitazama. Mimi nilikuwa nasuka nywele za mdogo wangu, na sikusikiliza vizuri. Hilo linaniuma.

Zuhura tu ndiye anayejua. Alinishika mkono pale pale kwenye nyasi. Yeye halali hapa bwenini, anatoka Rwamishenye asubuhi na kurudi jioni. Baba yake ni fundi cherehani na babu yake alitoka Pangani. Zuhura anapenda mzaha, lakini hili hajalifanyia mzaha.

Darasani leo kelele tupu. Wengi wanataka saa. Wengine wanasema kahawa, kwa sababu ni ya kwetu na Wazungu wanainywa. Wachache wanasema maji, kwa sababu ina mafundisho. Mmoja alisema filamu zipelekwe na kisiwani Goziba pia, wavuvi nao watabiri. Zuhura akamjibu kwamba Bwana Saidi angekwenda kwa furaha, tatizo ni gari, halijajifunza kuogelea.

Mwalimu Tabitha alituacha tukachoka. Kisha akaandika ubaoni: Kutabiri si kutamani. Akasema tukipiga kura tufikirie majaji, si sisi wenyewe. Majaji ni watu gani, wanaishi vipi, wanacheka nini.

Mimi natamani. Sijui kama natabiri.

Jumatano, 6 Machi

Tumepiga kura. Naandika jinsi ilivyokuwa, na naandika na kosa langu.

Mwalimu hakutaka tunyooshe mikono, maana tunaangaliana. Hakutaka karatasi pia, maana anaujua mwandiko wa kila mmoja wetu. Aliweka makopo matatu nyuma ya pazia. Kopo la maziwa ni filamu ya maji, kopo la chai ni filamu ya saa, kopo la kakao ni filamu ya kahawa. Kila msichana atie punje moja tu. Akauliza punje za nini tutapata kwa haraka. Mahindi yalikuwa yamefungiwa stoo.

Nikasema ninayo kahawa ya kutafuna.

Ni akamwani aliyoitengeneza Mama mara ya mwisho. Aliichemsha na majani yake yenye harufu, aliyokuwa akiyachuma nyuma ya nyumba, akaikausha juani, akaifunga kwenye jani kavu la mgomba. Nimeiweka chini ya sanduku langu mwaka mzima. Sikuwahi kuitafuna. Nilikuwa naifungua Jumapili naiunusa, kisha naifunga.

Sijui kwa nini niliitoa. Nadhani nilitaka Mama awemo katika jambo hili. Nilitoa punje thelathini na mbili, moja kwa kila msichana, na jani likabaki tupu. Nilijiambia kwamba Ijumaa, tukishahesabu, nitazirudisha zote.

Ilipofika zamu yangu nilisimama nyuma ya pazia muda mrefu. Nilifikiria majaji wa London. Nilijua vizuri wataichagua ipi. Nikatia punje yangu kwenye kopo la kakao. Huo haukuwa utabiri.

Makopo yamewekwa kwenye rafu ya chumba cha wageni, kwa sababu ofisi inapakwa chokaa. Tutahesabu Ijumaa asubuhi.

Mvua niliandika itanyesha mchana. Ikanyesha.

Alhamisi, 7 Machi

Baba alikuja.

Sikumtazamia. Alikuwa Bukoba kwa mkutano wa wakulima wa kahawa, na lori la kurudi Muleba lilikuwa linaondoka saa tisa, akaona apite anione. Alileta mkungu wa ndizi na mche wa sabuni. Kokugonza wa darasa la tano, aliyekuwa na zamu ya wageni, alinifuata bustanini akikimbia. Nilinawa mikono, nikaenda, nikapiga magoti nikamsalimu. Amekonda. Kola ya shati lake imeshonwa kwa uzi mweusi. Ameshona mwenyewe.

Nilifurahi sana kumwona. Nikamwambia Kokugonza, "Mletee Baba akamwani." Nilisema hivyo kama mtu yeyote anavyosema mgeni anapofika nyumbani. Sikufikiri.

Kokugonza naye hakufikiri. Nyumba yenye mgeni mzee na kopo lenye kahawa rafuni, msichana aliyelelewa vizuri anajua la kufanya. Alilimimina kopo la kakao lote kwenye kikapu kidogo, akapiga magoti, akampa kwa mikono miwili. Baba akaitika, "Ego," yaani ndiyo, akachukua punje tatu.

Tulizungumza Kihaya, hapa naandika kwa Kiswahili. Alikuwa ananiambia habari za mdogo wangu na za ng'ombe. Akatafuna. Akanyamaza katikati ya neno.

"Hii imetoka wapi?"

Nilikuwa bado natazama uso wake. Ndipo nikatazama kikapu, na nikajua.

"Ni yangu, Tata. Ni ile ya Mama. Ya mwisho."

Aliendelea kutafuna polepole sana. Sijawahi kumwona mtu akitafuna hivyo. Alitazama dirishani kwenye migomba mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Alitia yale majani." Akachukua punje nyingine.

Nilipaswa kusema hapo hapo kwamba hizo ni kura. Sikusema. Nilimwacha atafune. Alipouliza kama zimebaki nyingine, nilitoa leso yangu, nikazimimina zote humo, nikafunga fundo, nikampa. Nilijua ninachofanya. Kura zote za filamu ya kahawa zimekwenda Muleba mfukoni mwa Baba.

Na nikamwambia habari ya filamu. Baba ni mzee wa kanisa. Gari la sinema lilipokuja kwetu mwaka juzi hakwenda, alisema ni upuuzi wa vijana, na kweli mwaka ule filamu hii haikuwemo. Nilidhani atakasirika. Aliuliza tu, "Anatembea?"

"Amekaa, Tata. Anageuza kahawa. Anacheka."

"Anacheka na nani?"

Nikasema, "Anatutazama sisi."

Lori lilipiga honi barabarani. Alisimama, akaweka mkono juu ya kichwa changu kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo, akaenda. Alipofika kwenye mikaratusi alisimama akaitazama ile miti miwili. Nilikuwa nimemwambia shuka lilifungwa pale.

Kesho asubuhi tunahesabu kura. Naogopa.

Ijumaa, 8 Machi

Nilikwenda kwa Mwalimu kabla ya kengele ya kwanza. Nilisimama mlangoni nikasema yote. Kikapu, Baba, leso, na kwamba nilijua nikanyamaza. Nilisema na kwamba Kokugonza hana kosa. Mwalimu Tabitha alikuwa anachana nywele. Aliweka kitana chini. Akaniuliza, "Baba yako alitafuna ngapi?" Nikasema labda tano au sita. Nilidhani atacheka, nikadhani atanipiga. Hakufanya lolote. Akasema twende darasani.

Darasani akaeleza kwa maneno machache kwamba kopo moja limepewa mgeni. Tukahesabu yaliyobaki. Filamu ya saa ina kumi na tatu, ya maji nne. Mimi nilishafanya hesabu usiku kitandani: thelathini na mbili, ukitoa kumi na tatu na nne, zilizobaki ni kumi na tano. Kahawa imeshinda. Nilisimama nikasema hivyo, kwa sauti yenye haraka kuliko nilivyotaka.

Zuhura akanyoosha mkono akasema samahani, yake hakuitia popote, aliitafuna nyuma ya pazia. Ilikuwa inanukia. Mwingine akanyoosha mkono, naye aliitafuna. Kisha wa tatu na wa nne na wa tano. Mmoja akakiri kwamba aliokota punje iliyoanguka akatia mbili. Hakusema kopo lipi, na Mwalimu hakumwuliza.

Mwalimu akasema, "Kura zilizotafunwa siwezi kuzihesabu." Hapo darasa lote lilicheka, na yeye akageuka ubaoni kidogo. Nadhani naye alicheka.

Tukaambiwa tupige upya, kwa karatasi, mara moja, maana mfuko wa posta unaondoka saa nne kwenda melini.

Lakini Zuhura alikuwa ameshawaambia habari ya Mama. Niliona kwa jinsi walivyonitazama. Msichana wa dawati la mbele, ambaye tangu Jumamosi anaigiza yule bwana harusi, alinigeukia akaninong'oneza kwamba wote wataandika kahawa. Alisema kwa upole sana. Nilitaka kulia. Nilitaka pia waandike hivyo.

Mwalimu naye alisikia. Akasema, "Kemilembe, wewe ndiye uliyepoteza kura. Simama uwaambie wenzako unatabiri nini, na kwa nini. Si unalolitaka."

Nilisimama. Nilisema majaji wa London hawajawahi kuanika kahawa. Wao huiona ikiwa kikombeni. Lakini kila mmoja ana saa, na kila mmoja siku moja amechelewa mahali akaona aibu. Watacheka kama sisi tulivyocheka, na watu wakicheka pamoja hutoa tuzo kwa kilichowachekesha. Kwa hiyo natabiri saa. Nikasema tukiandika kahawa kwa kunihurumia tutakosa, na gari halitarudi kabisa, na mimi sitaki wakose kwa ajili yangu. Nikakaa.

Kalamu zikaanza.

Saa ishirini na saba, kahawa tatu, maji mbili. Mimi niliandika saa. Nikairudia herufi ya kwanza.

Mwalimu aliandika barua, mimi nikabandika stempu. Kisha akanipa kufuta ubao wiki mbili. Akasema si kwa sababu ya kura, kura ni kosa la adabu njema. Ni kwa sababu nilinyamaza nilipojua.

Jioni Zuhura, kabla ya kwenda kwao, aliniambia mojawapo ya zile kahawa tatu ni yake. Nilimwuliza kwa nini, hali amenisikia. Akasema, "Mimi sikutabiri, shoga yangu. Mimi nilimsalimia mama yako."

Nilibaki nimesimama pale getini mpaka kengele.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani. Nyimbo ndefu. Nimefungua sanduku nikanusa lile jani tupu. Harufu bado ipo.

Nimekosea nini hasa? Nimesema kweli, na ile kweli imemtoa Mama. Filamu ya saa ikishinda gari litakuja, na Mama atakuwa stoo. Filamu ya kahawa ikishinda, Mama atazungushwa nchi nzima, Tabora na Moshi na kwingine kote, lakini hapa hatakuja kwa sababu tuliandika saa. Nimezunguka pande zote na sioni mlango.

Nina hasira na Mwalimu. Kesho labda sitakuwa nayo.

Jumatano, 20 Machi

Mvua kila siku. Kuitabiri sasa hakuna sifa yoyote. Nimepatia siku nane mfululizo.

Nafuta ubao. Sina hasira tena.

Kokugonza ananikwepa. Leo nilimshika bombani nikamwambia alifanya vizuri, na kwamba ningekuwa mimi ningefanya vile vile. Akauliza kama ni kweli mzee yule alitafuna mitihani ya darasa la nane. Hivyo ndivyo habari ilivyofika darasa la tano.

Alhamisi, 4 Aprili

Barua ya Baba. Baba haandiki barua. Kwa kawaida mwinjilisti humwandikia, lakini hii ni mwandiko wake mwenyewe, mistari inapanda kama mlima. Mdogo wangu hajambo. Migomba imeangushwa na upepo, mitatu. Ile kahawa ameiweka ndani ya Biblia, kwenye ule mfuko wa jalada, na hutafuna moja kila Jumapili baada ya ibada. Imebaki moja.

Mwisho ameandika: "Ikiletwa tena hiyo picha, nitumie habari. Nitakuja. Nitasimama nyuma."

Nimeisoma mara nyingi mpaka imeanza kuchanika kwenye mkunjo.

Nimemjibu kwamba bado hatujui. Sikumwambia niliandika nini kwenye karatasi yangu ya kura. Hapa nimeahidi kuandika yote, kule sikuahidi. Lakini si vizuri, na nitamwambia.

Ijumaa, 12 Aprili

Matokeo.

Mwalimu Tabitha aliingia katikati ya jiografia akiwa na bahasha ya Bwana Saidi iliyokuja na meli ya asubuhi. Aliisoma akiwa amesimama. Sherehe imefanyika, watu walivaa suti nyeusi kweli, na tuzo imekwenda kwa filamu ya saa. Bwana Saidi anasema katika shule zote za upande huu ni mbili tu zilizopatia. Nyingine ziliandika kahawa, kwa sababu ni ya kwetu. Atakuja kwetu tarehe 25 Mei.

Wenzangu walipiga meza. Yule wa dawati la mbele akasimama akamwigiza bwana harusi kwa mara nyingine, na safari hii Mwalimu alimwacha. Wengine walinijia wakanishukuru, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa jaji. Nilicheka nao. Nilifurahi kweli. Na pale pale niliumia, mahali pale pale. Sikujua mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja.

Mwalimu alinipa ile barua niirudishe ofisini. Nadhani alitaka niisome mwenyewe. Chini, baada ya sahihi, Bwana Saidi ameandika kwamba yuko Mwanza mpaka mwisho wa mwezi huu akitengeneza gari, na filamu mbili zilizoshindwa atazipeleka stoo atakapokwenda Dar es Salaam baada ya hapo.

Mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo leo bado anazo.

Nilikaa kwenye ngazi za ofisi. Kama tungeandika kahawa tungekuwa tumekosa kama wengine, na hakuna mtu ambaye angetuandikia barua, na nisingejua kwamba yuko Mwanza.

Nilirudi nikamwomba Mwalimu ruhusa ya kuandika barua. Akanipa karatasi mbili nzuri, zile za kwake, na hakuuliza ya nani.

Jumamosi, 13 Aprili

Kumetulia. Wengine wamekwenda kuchota maji. Nimeketi chini ya dirisha la darasa, ziwa linaonekana kipande kidogo kati ya mapaa, na leo halina wingu. Nimeandika "jua." Sikufua nguo.

Barua kwa Bwana Saidi imekwenda asubuhi, na Zuhura ameipeleka posta kwa mkono wake. Nimemweleza kwa adabu mimi ni nani na kwamba shule yetu imepatia. Nimemshukuru kwa filamu ya saa. Kisha nimemweleza habari ya yule mwanamke wa tatu kwenye mikeka, anayetazama mahali alipokatazwa kutazama. Nimemwambia baba yangu atatoka Muleba kwa lori na atasimama nyuma, na kwamba Mama hukaa pale kwa muda wa kuhesabu hadi tisa tu, na Baba ni mtu asiye na haraka, huenda akawa bado anavaa miwani.

Nimemwomba anijibu kwa meli hiyo hiyo ikirudi. Mstari wa mwisho naunakili hapa, nisije nikasahau nilivyouliza:

Bwana Saidi, ukija utatuletea na ile ya kahawa, na je, mtu akikuomba, mashine yako inaweza kuionyesha mara mbili?